Tetris, Prince of Persia, Contra, Doom ama Age of Empires: gemu gani ya zamani utie kwenye laptopu yako

Kila wiki lazma aje mtu hapa dukani na laptopu kongwe, ya kupewa na shangazi wa Mombasa ama ya kununua mkono wa pili, gemu za sa hii haiwezi hata kuzifungua, na swali lake ni lile lile: nitie gemu gani? Mie kazi yangu ni kuchapa barua na kutoa kopi, niko Langoni hapa Lamu, lakini gemu za zamani nazipenda tangu sijajua kujifunga kikoi, na hili swali silijibu mbio mbio, manake mtu ukimtilia isiyomfaa ataifuta kesho yake na atakwenda kusema gemu za zamani hazina kitu, na si kweli kabisa, zina kitu kikubwa.

Juma lililopita alikuja mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 14, laptopu yake ina ramu ya GB 2 na kitufe cha herufi E kimeng'oka. "Mjomba, nitilie ilio bora." Nkamwambia ilio bora hakuna, kuna ikufaayo. Hakuridhika. Bas baada ya isha tukarudisha mlango nusu, tukazifungua moja baada ya moja, nyengine kwenye kompyuta ya duka nyengine kwenye laptopu yake, zimekaa kando kando na sisi twahama huku na kule. Haya naandika ndo yale nliyomwambia usiku ule, nmeongeza kidogo.

Mie sichagui gemu kwa picha wala kwa hadithi yake. Naangalia kitu kimoja: ukishindwa, yakufanyaje? Watu wengi huuliza ukishinda wapata nini, lakini wewe hesabu mwenyewe, kwenye gemu hizi kongwe muda mwingi mtu yuwashindwa, utakufa mara 40 kabla hujapita mahali pamoja, sasa ikiwa kule kushindwa kwenyewe hakuna ladha bas gemu nzima haina ladha. Waangalie wazee wanaocheza bao. Kete 64, mashimo 32, na yule aliyefungwa haondoki, ananyosha kidole shimo lile lile, "hapa, hapa ndo nliharibu", na kete zapangwa upya kabla chai haijapoa. Ameshindwa haraka, ajua kilichomshinda, na amerudi haraka. Gemu ya zamani ilio nzuri ina hayo yote matatu. Gemu nyingi za simu sa hii ukishindwa wawekewa tangazo, ama waambiwa ungoje nusu saa roho zijae, ama utoe pesa, sasa hapo hata hasira ya kutaka kurudia ishapoa.

Kwa hivyo ntazipima zote kwa kipimo hicho.

Naanza na Tetris na Prince of Persia, manake hizi ndo zilizotushika sana na ndo wengi huwa wamesimama katikati yake, zote nyepesi, zote zaingia kwenye mashine yoyote hata ilio mbovu, lakini ni mbingu na ardhi.

Tetris ilitengenezwa Moscow 1984 na Alexey Pajitnov, alikuwa afanya kazi kwenye kituo cha kompyuta cha akademia ya sayansi ya Usovieti. Mashine aliyokuwa nayo ikiitwa Elektronika 60, na haikuweza kuchora picha yoyote, ikijua herufi na alama tu, kwa hivyo vipande alivichora kwa mabano. Vipande ni 7, kila kimoja kina miraba 4, uwanja una upana wa miraba 10 na kimo cha 20, bas, hio ndo gemu yote. Hapa kwetu wengi tuliijua kwa kile kidude cha betri cha kushika mkononi, chenye skrini ya kijivu na kelele ya tii tii, kikizunguka nyumba nzima hadi vitufe vikafutika maandishi. Kanuni zake mtoto wa miaka 5 azielewa bila kuambiwa.

Lakini uzuri wake hauko kwenye kanuni, uko kwenye tamaa. Ukicheza kiwoga kila mstari ukijaa unauvunja, wapata pointi kidogo kidogo. Ukicheza kiume wapanga kila kitu upande mmoja wa uwanja, waacha upande wa pili kishimo chembamba chenye kina cha miraba 4, wangoja kile kipande kirefu kilichonyooka kama boriti. Kwenye Tetris ya Nintendo ya 1989, ukiwa leveli ya 0, mstari mmoja ni pointi 40, lakini mistari 4 ikivunjika kwa pamoja ni 1,200. Waona tofauti? Si mara 4, ni mara 30. Sasa boriti haiji. Vipande vyengine vyaja, vile vya kona kona, wavipanga juu juu huku ukuta wapanda, moyo wakwambia funga lile shimo ujiokoe na mkono wakataa, na boriti haiji, haiji, alafu yaja wakati ushakosea mahali pa kuitia. Mpwa wangu alipiga meza. Alijua kosa lake lilikuwa vipande 6 nyuma, alinyosha kidole pale pale, kama wale wazee wa bao.

Na Tetris haina kushinda, jua hilo kabla hujaichagua. Yaenda mbio zaidi na zaidi hadi ikuzike. Disemba 2023 mvulana wa miaka 13 huko Marekani aliicheza ile ya Nintendo hadi leveli ya 157 na gemu yenyewe ikaganda, miaka 34 imepita tangu itoke ndo mara ya kwanza binadamu anaifikisha hapo. Sisi wengine wote tutazikwa. Kuna watu hili haliwafai, wataka mwisho, wataka kuambiwa umefika. Lakini kwa mtu mwenye kazi kama mie ndo gemu bora kabisa, kipindi chake ni dakika 3 ama 5, mteja akiingia nasimamisha, adhana ikiadhiniwa nasimamisha, umeme ukikatika sijapoteza kitu manake hakukuwa na kitu cha kupoteza.

Prince of Persia sasa. Jordan Mechner, Mmarekani, aliitoa 1989 kwenye Apple II, kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ndogo mno, picha moja ya simu yako leo ni kubwa kuliko hapo mara nyingi tu. Alimpiga video mdogo wake akikimbia na kuruka na kuning'inia, alafu akazifuata zile picha moja moja kuzichora. Ndo maana mpaka leo ukimuona yule kijana wa nguo nyeupe akikimbia wajua huyu ni mtu, akisimama hasimami pale pale, miguu yateleza kidogo kama mtu aliekuja mbio, akiruka mwili watangulia, akidaka ukingo kwa vidole mwili wote wabembea. Nmeona gemu za juzi za mamilioni ya dola ambazo mtu wake atembea kama mwanasesere, na hii ya 1989 yampita.

Uko gerezani chini ya jumba la mfalme, una saa moja, dakika 60 za kweli za ukutani, kupita steji 12 umfikie binti mfalme. Huna hata upanga, wauokota njiani. Kuna vigae vinavyotikisika ukikanyaga alafu vyaanguka, kuna miiba yatoka ardhini, ukikimbia juu yake umekwisha lakini ukitembea pole pole kwa kushika shift wapita katikati yake salama, kuna taya za chuma zinazofunga na kufungua na ukikosea pumzi moja wakatwa vipande viwili. Kifo chake kichungu na cha kuonekana. Ukifa warudi mwanzo wa steji, lakini, na hapa ndo pana gemu yenyewe, ile saa hairudi. Dakika ulizotumia kufa zishakwenda. Kwa hivyo mara ya kwanza utafika steji ya 4 na dakika 60 zimeisha, hutafika popote, na hio si hasara kama unavyodhani, manake sasa wazijua steji 3 kama unavyovijua vichochoro vya nyumbani, kesho utazipita kwa dakika 8, wajua kigae kipi kibovu, wajua pale yataka kuruka ukikimbia na pale yataka kuruka umesimama.

Hicho kitu cha vichochoro kitilieni maanani. Mgeni akija Lamu siku ya kwanza apotea, kuta zote zamfanana, punda akija na mzigo wa mawe hajui ajibane wapi. Siku ya kumi atembea gizani umeme umekatika na mkono haugusi ukuta. Prince ni hivyo hivyo, raha yake ni mahali padogo kupajua kabisa kabisa. Gemu kubwa za sa hii zenye miji mizima hazina hio raha, ni kubwa mno kujulikana.

Na kuna kioo. Steji ya 4 kiko kimekuzibia njia, lazma uruke upite ndani yake, na ukipita anatoka mtu upande wa pili, mfano wako, kivuli chako, anakimbia aende zake. Huyo kivuli alizaliwa kwa sababu kumbukumbu ya mashine ilikuwa imejaa, hakuna nafasi ya kuchora adui mwengine, ndo Mechner akachukua picha za yule kijana yule yule akazigeuza rangi zake. Baadaye utakutana nae tena. Zaidi ya hapo sisemi, ntakuwa nmekuibia.

Sasa ukinambia nichague baina ya hizi mbili: ikiwa wacheza vipindi vifupi vifupi, kichwa kimechoka, wataka mikono ifanye kazi moyo upumzike, Tetris. Ikiwa una jioni nzima, una subira, na wapenda kuumia kidogo kabla ya kufurahi, Prince, wala usifikirie mara mbili. Lakini usiitie Prince kwenye laptopu yenye mishale mibovu. Mambo yote ni mishale na shift, na hewa ya bahari yetu hii yala vibodi, nshafungua laptopu nkakuta chini ya vitufe kutu tupu, kitufe cha mshale kikikwama nusu sekunde tu wewe uko kwenye miiba na hapo umekufa kwa kosa lisilo lako, na kufa kwa kosa lisilo lako ndo kitu cha pekee kinachoiua gemu hii. Kibodi ya nje ya USB, hata ya bei rahisi, itakuokoa.

Contra yaja ikiwa hauko peke yako. Wengi tuliipata kwenye zile mashine za TV zenye kaseti za manjano, zimeandikwa gemu 9999 ndani, ukizipitia zajirudia tu majina yamebadilishwa, lakini Contra ilikuwemo na Mario alikuwemo na hizo mbili zatosha. Nyumba yetu zote mbili zikichezwa, na naziweka hapa kando kando kwa sababu watu huzichanganya wakadhani zote ni za wawili. Super Mario Bros ya 1985 ni ya wawili kwa kupokezana, mie nacheza hadi nife, wewe wacheza hadi ufe, na yule anaengoja ndo anaepiga kelele. Contra ni wawili kwa pamoja, bega kwa bega kwenye skrini moja, na hapo ndo undugu wajulikana. Kuna ile steji ya maporomoko ya maji, mwapanda juu, skrini yamfuata yule alio juu, na yule alio chini skrini ikimuacha amekufa. Kaka yangu akipanda kama mwenye kukimbizwa. Mie nko chini nalia, "ningoje, ningoje!", na mama yuko jikoni aita, "Ndooni mule!", na kaka hangoji. Tulipigana mara nyingi kwa lile poromoko, na tulipokuja kujifunza kupanda sawa, kuhesabu moja mbili ruka, moja mbili ruka, hio ilikuwa furaha ambayo Mario hajanipa.

Kwenye Contra roho ni 3 tu na risasi moja yatosha kukuua, kwa hivyo kuna ile siri ya vitufe, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, upate roho 30. Aliitunga Kazuhisa Hashimoto wa Konami, kampuni ya Contra, kwa gemu nyengine, Gradius, toleo la Nintendo la 1986, manake yeye mwenyewe ilimshinda kuicheza wakati wa kuijaribu. Itumie bila haya. Mario kwa upande wake ni mwalimu mzuri kuliko zote kwa mtoto alieanza, steji ya kwanza kabisa yakufundisha kila kitu bila neno hata moja, yule kidubwana wa kahawia anakujia, ukisimama wafa, ukiruka waishi, ushajua. Gemu nzima ni kilobaiti 40, na kule kubana nafasi utakuona ukitazama vizuri: mawingu na vichaka ni mchoro mmoja, rangi tu ndo tofauti. Mtoto wa miaka 6 ama 7 mpe Mario. Ndugu wawili wanaogombana wape Contra, watagombana zaidi alafu watapatana.

Kitu kimoja cha Contra kwenye laptopu, usicheze watu wawili kwenye kibodi moja. Vibodi vingi vya kawaida ukifinya vitufe vitatu vinne kwa pamoja kimoja hakisikiki, na mwenzio atakwambia wadanganya. Tafuta padi mbili za USB, vile vidude vya kushika mkononi vya kuchezea. Na zijaribu pale pale dukani kabla ya kutoa pesa, mie nliuziwa mbili Mombasa, moja mshale wa juu haufanyi kazi, na kutoka huku mpaka kule kurudisha kitu si safari ya mchezo.

Doom na Age of Empires 2 nazo watu huniuliza pamoja, sijui kwa nini, labda kwa sababu zote za vita. Doom ilitoka tarehe 10 Disemba 1993, kampuni yaitwa id Software, na walivyoitoa ndo kulikonifurahisha siku zote: sehemu ya kwanza walisema ichukueni bure, mpeane, mwataka zilizobaki ndo mlipe. Ile ya bure faili lake ni kama MB 4. Mnamo 1997 wakatoa na programu yenyewe kila mtu aione ilivyoandikwa, na kwa sababu hio mpaka leo yapatikana kwa kila aina ya mashine. Raha yake ni mwendo. Wakimbia mbio kweli kweli, na lile zimwi la kahawia likikurushia moto ule moto wauona ukija, una wakati wa kupiga hatua upande, waupisha sikioni kama unavyompisha punda kichochoroni, alafu wajibu. Watu hudhani ni gemu ya kupiga risasi, mie naona ni gemu ya kukwepa. Ukifa warudi sekunde ile ile. Lakini ina damu nyingi na mashetani kila ukuta, kwa watoto mie siwatilii, na wazee wa mtoto wakiniuliza nawaambia wazi kilichomo.

Age of Empires 2 ya 1999 ni kinyume chake kwa kila kitu. Waanza na wanakijiji 3, mpanda farasi mmoja wa kuzunguka na jumba moja la kati, watafuta kondoo, wakata miti, wachimba dhahabu, wajenga, na baada ya robo saa hivi ndo vita vyaanza kunukia. Mataifa ya mwanzo yalikuwa 13, wakiwemo Wafursi, Waturuki na Waarabu walioitwa Saraseni, na 2015 wakaongeza sehemu ya Afrika, Wahabeshi, Wamali, Waberberi, na pamoja nao Wareno. Nlipowaona Wareno pale nlicheka kwa furaha, manake mtu wa pwani hii jina la Vasco da Gama alisoma darasani, nguzo yake iko Malindi mpaka leo na 1498 ndo mwaka alipofika pale, sasa kuwakuta kwenye gemu na wewe ndo mwenye kuamua merikebu zao zifike wapi, hicho ni kitu.

Lakini ipime kwa kile kipimo changu. Ukishindwa Age of Empires umeshindwa taratibu, kwa saa nzima, na mara nyingi hujui ulishindwa lini. Uliona farasi wa adui wameingia dakika ya 40, kumbe kosa ulilifanya dakika ya 6, jumba lako lilikaa bure halizalishi mwanakijiji na wewe wamtazama nguruwe. Kila mwanakijiji ni sekunde 25 na chakula 50, ukiacha jumba likae bure dakika 2 umekosa karibu watu 5, na hao 5 wangekuletea kuni za hao 5 wengine. Kulijua hilo yataka ukae ufikirie baada ya mchezo, urudie, uhesabu. Kuna mtu hio ndo raha yake, mie rafiki yangu mmoja, nahodha wa mashua, kaskazi likichafuka na hakuna safari akaa siku nzima na gemu hii na daftari kando. Kuna mwengine atalala usingizi kabla hajajenga kambi. Na umeme ukikatika katikati na betri yako ni bovu, ile saa yote imekwenda na maji, kwa hivyo jizoeshe kusevu kila baada ya dakika 10.

Ikiwa mko watu 3 ama 4 na laptopu zenu na waya wa kuziunganisha, hapo sina mabishano, Age of Empires. Yakubali mpaka watu 8. Hakuna gemu ya zamani nnayoijua inayofanya chumba kinyamaze vile, kila mtu yuwajenga kimya kimya, alafu mmoja aguna na wote mwajua kavamiwa. Ukiwa peke yako na una dakika 20 za hasira baada ya kazi, Doom.

Kuzipata sasa, kwa ufupi, manake hili ndo watu hukosea wakajaza virusi. Usipakue kwenye zile tovuti zenye vitufe vitano vya kupakua kwenye ukurasa mmoja. Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, wana maelfu ya gemu za DOS, ule mfumo wa kompyuta za zamani, unazozicheza pale pale ndani ya kivinjari bila kutia kitu, nenda ukaonje huko kwanza. Ukitaka ikae kwenye mashine, DOSBox ni programu ya bure inayoigiza kompyuta ya zamani, na kwa Prince kuna SDLPoP, imetengenezwa na wapenzi wake, mwendo wake ni ule ule wa DOS. Mechner mwenyewe aliutoa hadharani ule msimbo wa Apple II, yaani programu ilivyoandikwa, mwaka 2012, baba yake alizikuta diski kabatini. Doom tumia ile sehemu ya bure, ama Freedoom ambayo ni picha na ramani mpya za bure kabisa juu ya injini ile ile. Age of Empires si ya bure, tafuta ile CD ya zamani ikiwa laptopu yako ni dhaifu, hio Definitive Edition ya 2019 ni nzuri sana lakini yataka mashine yenye nguvu na nafasi kubwa, kwa ramu ya GB 2 usijichoshe. Tetris za bure ziko tele hata huna haja ya kuniuliza, angalia tu kwamba haina matangazo.

Mpwa wangu? Saa nne za usiku dada ashapiga simu mara mbili, yeye yuwangali hajachagua. Tetris ilimkera kwa sababu haina mwisho. Doom nlikataa mie. Contra alisema amcheze na nani, ndugu zake wote wa kike na hawataki. Age of Empires aliitazama kama mtu anaetazama hesabu. Nkamtilia Prince, nkampa na kibodi yangu ya nje, akaenda nayo chini ya kwapa.

Siku tano sikumsikia. Jana usiku simu yalia, ujumbe wake: "Mjomba nmemuona tena yule wa kwenye kioo. Kila nkimchoma yeye naumia mie. Hii gemu imeharibika?"

Nkamjibu haijaharibika. Nkamuuliza saa yako imebakia dakika ngapi.

"4."